Elvstrøm, North au Kirby: wewe unayeanza resi za matanga umfuate yupi?

Mtu akishanogewa na boti za matanga, yaani sio kupanda kama abiria tena, anataka kushindana, lazima atauliza swali lilelile, nimuige nani? Na majibu anayopewa huwa ni majina ya wakali wa juzijuzi, kina Ben Ainslie na Robert Scheidt, sawa, hao ni moto sikatai, lakini mi naona ukitaka kuielewa boti uliyoikalia rudi nyuma kwa wale walioshindana Olimpiki wenyewe halafu wakaenda kutengeneza vifaa. Hapo nawaweka watatu tu: Paul Elvstrøm wa Denmark, Lowell North wa Marekani na Bruce Kirby wa Kanada.

Afu kuna kitu kinanogesha huu ulinganisho. Mwaka 1968 wote watatu walikuwa Acapulco, Mexico, kwenye resi zilezile za Olimpiki na boti aina ileile, Star, ile ya watu wawili yenye mkuku mzito chini. North akabeba dhahabu. Elvstrøm, ambaye tayari alikuwa na dhahabu nne nyumbani, akaambulia nafasi ya nne. Kirby hata harufu ya medali hakuipata. Sasa ukiangalia ubao wa matokeo tu utasema basi North, tumemaliza. Ngoja kwanza.

Tuanze na Elvstrøm maana huyu ndo wa kushangaza. Kazaliwa 1928 Hellerup, hapo kaskazini mwa Copenhagen, kijana wa mjengo, kasomea ujenzi. Olimpiki yake ya kwanza ni 1948, resi zilifanyika Torquay Uingereza, ana miaka 20, boti aina ya Firefly. Resi ya kwanza kabisa hakumaliza. Mwingine hapo angekata tamaa, yeye akapanda polepole mpaka akazishinda za mwishoni na dhahabu akaondoka nayo. Kisha 1952 Helsinki, 1956 Melbourne, 1960 Naples, zote tatu dhahabu, zote kwenye Finn, boti ya mtu mmoja yenye urefu wa mita 4 na nusu na tanga kubwa kwelikweli kwa mtu mmoja. Dhahabu nne mfululizo kwenye mashindano ya mtu peke yake, hakuna mwanamichezo aliyewahi kufanya hivyo kabla yake, Al Oerter wa kurusha kisahani alikuja kufikisha nne 1968.

Siri yake ilikuwa nini? Kwa kifupi, aliamua kwamba tatizo la boti ndogo ni mtu aliye ndani. Finn upepo ukizidi inataka kulala, na dawa pekee ni uzito wako wewe ukae nje upande wa upepo muda mrefu kuliko mpinzani. Watu wa Lamu hawashangai hapo, kwenye resi zao za mashua mabaharia wanapanda ubao unaotokeza nje ya chombo kwa kazi hiyohiyo. Tofauti ni kwamba kwenye Finn huna ubao na huna wenzako, uko peke yako, usukani mkono mmoja, demani, yaani ile kamba ya kukaza na kulegeza tanga, mkono mwingine. Elvstrøm ndiye anayetajwa kuileta na kuieneza ile mikanda ya miguu iliyofungwa katikati ya boti, unaingiza nyayo chini yake halafu unalala nje mpaka makalio yanakaribia kugusa maji. Na kwa sababu mikanda peke yake haikusaidii kama mapaja yako ni mlenda, akajitengenezea benchi nyumbani lenye umbo la ubavu wa boti, anakaa pale anajining'iniza kama yuko baharini, siku nenda siku rudi. Leo timu nyingi za taifa zina benchi kama lile, enzi zile wenzake wengi walikuwa wanachukulia resi kama starehe ya wikiendi.

Cha pili ni vangi, ile kamba inayoivuta boomu, yaani mti unaolala chini ya tanga, isinyanyuke. Kamba yenyewe ilikuwepo, ila yeye aliitumia kivingine kabisa. Kawaida upepo ukipiga ghafla unalegeza demani, boomu linapanda juu, tanga linapoteza umbo, boti inapoa mwendo. Yeye akaikaza vangi sana, kwa hiyo akilegeza demani boomu linakwenda pembeni tu bila kupanda, tanga linabaki vilevile na boti inaruka mbele badala ya kulala. Ukiona leo mtu anapiga bisho, yaani anapanda kuelekea upepo unakotoka, kwenye upepo mkali huku anachezea demani, anaingiza anatoa anaingiza anatoa, hiyo ni akili ya Elvstrøm.

Cha tatu ndo kile kidude kinachobeba jina lake mpaka leo, kitoa maji. Ni kiboksi cha chuma kisichoshika kutu, kimefungwa kwenye sakafu ya boti, ukikisukuma kwa mguu kinashuka chini kama kabari na kufungua mdomo unaotazama nyuma. Boti ikienda kasi maji yanayopita chini yanayanyonya yale ya ndani, huhitaji kuacha usukani uanze kuyafua kwa kopo. Kina kijimlango cha kuzuia maji yasirudi, ila ukisimama kabisa yanaingia kidogokidogo, na ukisahau kukipandisha kabla ya kufika ufukweni mchanga unakikunja, ni usumbufu ambao mtu yeyote mwenye boti ya namna hiyo ameshauonja. Lakini fikiria kabla yake ilikuwaje, kijana uko peke yako, boti imejaa, chagua, ufue maji au ushindane.

Kampuni yake ya matanga aliianzisha 1954 na ipo mpaka leo huko Aabenraa. Alitengeneza pia maboya ya kuvaa. Akawa bingwa wa dunia kwenye madaraja, yaani aina za boti, mengi mpaka unachoka kuhesabu, Finn, 505, Snipe, Flying Dutchman, 5.5, Star, Soling. Na 1996 Wadenmark wakamchagua mwanamichezo wao wa karne.

Sasa upande wa pili, na huu ndo watu wanauruka. Yule mtu alikuwa anajila mwenyewe. Naples 1960 alikuwa mgonjwa wa wasiwasi kiasi kwamba resi ya mwisho hakuiingia kabisa, dhahabu ilikuwa imeshahakikishwa kwa pointi. 1964 hakushindana. Alipofariki Desemba 2016 ana miaka 88 kila mtu aliandika habari za dhahabu nne, wachache waligusa habari ya mishipa ya fahamu kuchoka. Ila kuna sehemu ya maisha yake ambayo mi naipenda kuliko hata zile dhahabu, alirudi Olimpiki 1984 huko Los Angeles akiwa na miaka 56, kwenye Tornado, boti ya mabodi mawili yenye kasi ya kutisha, mwenzake ni binti yake Trine, na wakamaliza wa nne, kidogo tu waguse shaba. Wakarudi tena 1988 Korea Kusini, wakawa wa 15. Hiyo ilikuwa Olimpiki yake ya nane, toka 1948 mpaka 1988, miaka 40, hebu itafakari hiyo.

Haya, North. Huyu ni mtu mwingine kabisa. Kazaliwa 1929, akakulia San Diego, taaluma yake uinjinia, na mwaka 1945 akiwa na miaka 15 alikuwa baharia wa nahodha Malin Burnham, rafiki yake, walipochukua ubingwa wa dunia wa Star. Baadaye akauchukua yeye mwenyewe kama nahodha mara nne, 1957, 1959, 1960 na 1973. Olimpiki kapata shaba 1964 kwenye Dragon, boti ya watu watatu, huko Japani, halafu ile dhahabu ya Acapulco 1968 akiwa na Peter Barrett, ambaye naye hakuwa mtu wa kubahatisha, alishakuwa na fedha ya Finn ya 1964.

Elvstrøm alikaa kwenye benchi akajiuliza miguu yake inaweza kuhimili dakika ngapi, North alikaa na kitambaa. Ndiyo, kitambaa. Enzi hizo tanga zilikuwa zinatoka kwenye pamba kwenda kwenye poliesta, na mafundi wengi walikuwa wanakipima kitambaa kwa vidole, wanakivuta, wanakikunja, wanasema hiki kizuri. North alikiweka kwenye mashine akapima kinavutika kiasi gani kwa nguvu kiasi gani, upande huu, upande ule, na kwa mshazari. Kwa nini hii ina maana? Kwa sababu tanga lina tumbo, na lile tumbo ndo injini. Kitambaa kikivutika upepo unapoongezeka, tumbo linakuwa kubwa na linarudi nyuma, wakati wewe ulitaka kinyume chake, boti inalala, usukani unakuwa mzito, unaanza kumlaumu baharia wako bure. Kampuni ya North Sails ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na ilivyofika miaka ya 1970 walikuwa wanaingiza maumbo ya tanga kwenye kompyuta, wakati mafundi wengine bado wako sakafuni na chaki.

Jambo la pili la North ni watu. Badala ya kuajiri mafundi wa kushona tu aliajiri mabingwa, watu wenye medali na mataji, kila mmoja mkali kwenye daraja lake, anashona wiki nzima wikiendi anakwenda kushindana na tanga aliloshona, Jumatatu anarudi na majibu. Barrett alikuwa mmoja wao. Na njia yao ya kujaribu ilikuwa rahisi kuelewa: boti mbili zinazofanana, sambamba, upepo mmoja, unabadilisha kitu kimoja tu, unaangalia ipi inasogea mbele. Mi naamini hii peke yake ina faida kubwa kuliko hotuba zote za makocha, kwa sababu ukibadilisha tanga na mlingoti na mahali unapokaa kwa mpigo mmoja utajuaje kipi kimekusaidia?

Naye ana jeraha lake. 1977 alikuwa nahodha wa Enterprise kwenye mchujo wa kutafuta boti ya Marekani ya kutetea America's Cup, lile kombe maarufu la resi za mayoti. Ted Turner naye alikuwa anashindania nafasi hiyohiyo kwa boti ya Courageous, akataka matanga ya North, hakuuziwa, akakasirika hadharani mpaka ikawa gumzo. Mwisho wa yote North alitolewa kwenye usukani wa Enterprise, na aliyepewa nafasi ni nani? Malin Burnham, yuleyule rafiki yake wa 1945. Turner akashinda mchujo na kombe akalitetea. Hapa ndo unaona ugumu wa kuwa mshindani na muuza vifaa kwa wakati mmoja, tanga lako bora unampa mteja au unajibakizia, na lolote utakalochagua kuna mtu atanuna. North aliuza kampuni 1984, kwa hiyo yale matanga ya kisasa ya kumwaga kwenye kalibu unayoyaona kwenye mayoti makubwa yamekuja baada yake, usimpe sifa ambayo si yake. Alifariki 2019.

Kirby nitakuwa mfupi. Mzaliwa wa Ottawa 1929, mwandishi wa habari, baadaye mhariri wa gazeti la resi za matanga, Olimpiki tatu, 1956 na 1964 kwenye Finn, 1968 kwenye Star. Medali hana. Lakini 1969 rafiki yake Ian Bruce, naye baharia wa Olimpiki wa Kanada, alimpigia simu kuhusu kiboti cha kubeba juu ya gari kwa ajili ya duka linalouza vifaa vya kambi, na Kirby akiwa palepale kwenye simu akaanza kuchora. Duka halikuichukua ile boti. Mchoro ukakaa, 1970 wakatengeneza ya majaribio, 1971 ikaingia sokoni kwa jina la Laser, bei ikiwa dola 695. Urefu mita 4.2, tanga moja la mita za mraba 7 na kidogo, mlingoti vipande viwili unavipachika, unavalisha tanga kama soksi, dakika chache uko majini. Zimeshatengenezwa zaidi ya 200,000. Iliingia Olimpiki 1996, Scheidt akachukua dhahabu, na 2008 wanawake wakaingia na tanga dogo la aina hiyohiyo. Ukienda klabu ya yoti Dar es Salaam au Mombasa ndo boti utakazozikuta zimepangwa mchangani. Miaka ya karibuni kulikuwa na kesi ndefu za haki za jina na malipo, ndo maana toka 2019 zinazotumika rasmi zinaitwa ILCA, lakini boti ni ileile.

Na aliyeshona tanga la kwanza la Laser ni Hans Fogh, Mdenmark, medali ya fedha Naples 1960 kwenye Flying Dutchman, ambaye alifundwa kwenye karakana ya Elvstrøm kabla ya kuhamia Kanada. Kwa hiyo hawa watu wamefungamana kuliko inavyoonekana.

Sasa tuje kwenye kuchagua kwenyewe. Watu huwa wanalinganisha medali, na kwa medali hakuna mjadala, Elvstrøm. Mi nasema angalia tatizo lako ni lipi.

Kama uko peke yako kwenye boti ndogo, huna hela, kocha unampata mara moja moja, na upepo ukizidi kidogo unaachwa nyuma, mfuate Elvstrøm bila kufikiria mara mbili. Vitu vyake ni vya bei ya chini au havina bei kabisa. Mikanda ya miguu ipo tayari kwenye boti, irekebishe urefu ili ukilala nje magoti yasichukue mzigo wote. Vangi ipo, jifunze kuikaza kabla hujalegeza demani. Benchi ni mbao chache na misumari, fundi yeyote wa mtaani atakutengenezea ukimchorea, au utumie kitanda chako ukiwa umeingiza miguu chini ya kitu kizito. Hakuna kitu hapo kinachohitaji kuagizwa nje. Ila tafadhali usimuige kwenye kujitesa, mtu anayeshindwa kulala wiki nzima kabla ya resi ya klabu ya watu kumi na mbili anahitaji kupumzika, sio kuongeza mazoezi. Na magoti na mgongo vikianza kulalamika visikilize, kocha anayekuambia vumilia tu mkwepe.

North anakufaa ukishafika hatua ambayo mwili unatosha na bado unapitwa na mtu wa uzito wako. Hapo tatizo limehama, liko kwenye vifaa au kwenye namna ya kuvipanga. Lakini huwezi kumfuata ukiwa peke yako, unahitaji mwenzako mwenye boti kama yako ambaye mnaaminiana, asiyeficha anachokigundua. Wawili mkitoka asubuhi kabla upepo haujachanganya, mkakaa sambamba dakika tano tano huku mmoja anabadilisha kitu kimoja na mwingine habadilishi chochote, na daftari lipo, mtajifunza kwa mwezi mmoja mambo ambayo wengine wanayabahatisha kwa miaka. Tatizo ni daftari. Wengi wetu tukitoka majini tunataka chai na stori, hakuna anayeandika. Kama wewe sio mtu wa kuandika basi kwa North utachoka haraka, nakuambia mapema.

Halafu kama uko na mashua yenye tanga la pembetatu na foromali, ule mti unaobeba tanga juu, mambo ya North yanakuhusu vilevile, pengine kuliko unavyodhani, maana kitambaa kinachovutika kinavutika popote. Linganisha tanga jipya na lililokaa juani misimu mitatu upepo wa kusi ukiwa umeshika, utaliona tumbo lilipohamia.

Kirby simpendekezi kwa mshindani, nisiwe mnafiki. Aige nini, kuchora kwenye simu? Lakini kwa kijana anayependa kuunda, yule anayeshinda karakana ya mafundi wa boti kuliko majini, Kirby ndo mtu wake. Kilichoipa Laser maisha ni kwamba jamaa alikuwa anajua Finn inavyomtesa mtu, akachora kitu chepesi na rahisi huku akikataa kupachika madoido, na yeye na Bruce wakasimamia kwamba kila boti inayotoka iwe sawasawa na ya jana. Mtu ambaye hajawahi kushindana asingejua kipi cha kuacha.

Wapo watakaosema fuata wote watatu. Mwisho wake utafanya kila kitu nusunusu, mwaka wa kwanza chagua mmoja. Kwa mtu wa kawaida anayeanza huku kwetu jibu langu ni Elvstrøm mwaka huo, North wa pili ukipata mwenza wa kueleweka.

Na kwa wazazi, maana najua kuna mama na baba wanasoma hapa wanataka kumnunulia mtoto boti iliyotumika: msinunue tanga la ILCA 7, saizi kubwa kuliko zote, kwa mtoto wa kilo 50 mkidhani atakua nalo. Hilo ni la mtu wa kilo 80 hivi, mtoto atapinduka mpaka aichukie bahari, na hata mikanda ya Elvstrøm haitamwokoa hapo. Bodi ni moja kwa saizi zote tatu, kinachobadilika ni tanga na kipande cha chini cha mlingoti, kwa hiyo nunua bodi nzima isiyo laini ukiikanyaga, tafuta tanga na kipande cha ILCA 4, saizi ndogo kabisa, akifika kilo 60 na kitu mbadilishie viwe vya ILCA 6, ya katikati. Kagua pia pale mlingoti unapoingia, mwaga maji mle uone kama yanapungua. Yakipungua, achana na hiyo boti hata kama bei ni ya kutupa.